Kununua grili ya kauri bila kumaliza akiba: mwongozo kamili wa mchomaji wa nyuma ya nyumba

Ukienda kuangalia grili ya kauri, beba noti ya mia mbili. Si ya rushwa wala ya soda, ni ya kupimia. Fungua kifuniko, laza noti pale ukingoni nusu ndani nusu nje, funga, alafu vuta. Ikitoka laini bila kung'ang'ana, hapo hewa inapita, na kama hewa inapita basi hauna grili ya kauri, uko na chungu kizito cha bei mbaya. Rudia hivyo kuzunguka ukingo wote, mahali kama sita hivi. Muuzaji akikuuliza unafanya nini mwambie unahesabu pesa.

Nimeanza na hiyo juu ndo kitu ilinigharimu. Grili yangu ya kwanza ilikuwa inang'aa kama gari ya harusi, nyekundu, na mimi nikaipenda rangi. Jumapili ya kwanza shemeji zangu wametoka Siaya, nimejigamba wiki nzima, nikawasha saa tano asubuhi, saa saba moto ukakataa kushuka. Nafunga tundu la juu, nafunga la chini, wapi, joto linapanda tu, kumbe kifuniko kilikuwa kimepinda upande wa nyuma karibu na hinji na hewa inaingia hapo kama mlango umeachwa wazi. Kuku akatoka mweusi nje, karibu na mfupa bado pinki. Watu wakala ugali na sukuma na stori. Tangu hapo nimebadilisha grili mara mbili, nimesaidia majirani kadhaa hapa Mamboleo, Kisumu, kununua zao, na nitakwambia venye ningefanya kama ningeanza upya leo na pesa kidogo.

Hii kitu ni nini haswa, na je unaihitaji

Kauri kwenye jiko si jambo geni kwetu. Lile jiko la kiuno chembamba uliko nalo jikoni, bati nje udongo ndani, ni kauri hiyo hiyo. Lilitengenezwa Kenya miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, udongo unashika joto badala ya kuliachia bati, na ndo maana makaa yanadumu kuliko kwa jiko la bati tupu. Grili ya kauri tunayoongelea hapa, ile yenye umbo la yai ambayo watu huiita kamado, ilipita njia nyingine. Kwa Kijapani kamado ni jiko tu, wanajeshi wa Marekani walizikuta Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakabeba zingine nyumbani, na ikawa biashara kule. Ile kampuni ya Big Green Egg ilianzia Atlanta mwaka wa 1974.

Tofauti ya jiko la kawaida na yai ni moja: kifuniko. Jiko letu liko wazi juu, joto linaenda mbinguni. Yai linafungwa, lina tundu la hewa chini na tundu la hewa juu, na wewe ndo unaamua moto upumue kiasi gani. Ukiubana unakaa digrii 110 masaa kumi na zaidi na makaa ya kujaza mara moja. Ukiuachia unapanda mpaka 300 na kupita. Ukiufunga kabisa unakufa na makaa yanabaki ya kesho. Kwa hivyo pesa yako inanunua kubana hewa. Udongo unasaidia kushika joto, sawa, lakini udongo mzuri na kifuniko kibaya ni hasara, udongo wa wastani na kifuniko kinachobana vizuri ni raha.

Sasa swali la ukweli. Kama kazi yako ni mguu wa mbuzi mara moja kwa mwezi na samaki wawili aina ya ngege wa kuchoma haraka, omera, usinunue. Nenda kwa fundi akukatie nusu pipa na waya, utabaki na pesa ya mbuzi wa mwaka mzima. Nyama choma yetu tangu zamani inachomwa mbali na moto, polepole, na mtu amekaa hapo anageuza. Yai linakusaidia ukitaka kitu ambacho hakihitaji wewe ukae hapo: kuku mzima, kidari cha ng'ombe, mbavu za nguruwe, samaki mbuta wa moshi, mkate, pizza, hata mahindi na viazi vitamu vikiwa vimefunikwa. Kama unasoma hiyo orodha na mate yanatoka, endelea.

Saizi: hapa ndo watu hupoteza pesa

Saizi inapimwa kwa upana wa waya wa kuchomea, kwa inchi. Za kawaida ni 13, 15 au 16, na 18, alafu kuna makubwa ya 21 na zaidi ambayo ukiwa hauna hoteli yasahau.

Chukua kalamu. Inchi 13 ni sentimita 33, eneo la kuchomea ni kama sentimita mraba 855. Inchi 15 ni 38, inakupa kama 1,130. Inchi 18 ni 46, inakupa kama 1,660. Ona hiyo, kutoka 15 kwenda 18 ni inchi tatu tu kwa mdomo lakini eneo linaongezeka karibu nusu, na uzito pia, yai la 18 linapita kilo 70 kirahisi, na bei ndo usiseme.

Kwa familia ya watu watano sita na wageni wa kawaida, mimi nasema 15 au 16. Kuku wawili wanakaa, au ngege wanne wa saizi ya sahani, au mbavu ukizikata katikati. Inchi 13 ni nzuri kwa mtu na mkewe, au kama unaishi ploti na unataka kitu cha kuingiza ndani usiku, lakini angalia urefu wa kifuniko: zingine ni fupi mpaka kuku akiketi anagonga paa. Beba chupa ya soda ya lita moja, isimamishe juu ya waya, funga. Ikiingia kuku ataingia.

Mtu akikwambia nunua kubwa hutajuta, muulize kama atakusaidia kuibeba.

Njia za kuipata kwa bei ya chini

Ya kwanza ni mtumba. Watu wanahama, wazungu wa miradi wanamaliza mkataba, familia za Milimani au kule Nakuru upande wa Milimani yao wanauza vitu vya kompaundi vyote kwa wiki moja. Kauri ya jina kubwa iliyotumika miaka mitano ni bora kuliko mpya ya jina ambalo hata muuzaji hajui kulitamka, juu kauri haizeeki kwa kutumiwa, inazeeka kwa kuangushwa na kwa maji. Vitu vinavyochoka ni gasketi (ule utepe wa kuziba hewa ukingoni mwa kifuniko), waya, springi na bolti, na vyote vinabadilishwa. Yangu ya sasa ni hiyo, nilinunua ikiwa na gasketi imeungua yote na waya umekula kutu, mwenyewe akiona aibu, na aibu ya muuzaji ni nafuu ya mnunuzi.

Ya pili ni mpya isiyo na jina kubwa. Nyingi zinafanana kama mapacha, zingine ni nzuri kabisa, zingine ni ile nyekundu yangu. Hapa noti ya mia mbili inafanya kazi yake. Usinunue ya picha kama hautaruhusiwa kuifungua kabla ya kulipa yote.

Ya tatu si kauri kabisa: kuna mayai ya chuma ya kuta mbili yenye kikinga joto katikati, kama ile Akorn ya Char-Griller. Ni nyepesi, haivunjiki ikianguka, na inapika karibu sawa na kauri. Ubaya wake ni kutu, na kwetu huku na unyevu wa ziwa kutu haichelewi. Kama una mahali pakavu pa kuiweka, usiidharau.

Ya nne ni ya nyumbani, na hapa niruhusu nikae kidogo juu nimeijaribu. Nilitoka Kisumu nikaenda Ilesi, pale barabara ya Kakamega ambako vyungu vimepangwa kando ya lami, nikamwomba mama mmoja mfinyanzi anitengenezee yai zima, la chini na kifuniko. Akaniangalia vizuri. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nafinyanga chungu cha kuweka juu ya moto, wewe unataka cha kuweka moto ndani, hivyo ni vitu viwili." Mimi mjuaji nikasisitiza, nikalipa, nikarudi baada ya wiki tatu. Kazi ilikuwa safi kweli, kifuniko kina kishikio kama sikio. Moto wa kwanza ikavumilia. Moto wa pili ikapiga kelele moja, tak, na ufa ukatoka mdomoni mpaka chini. Chungu cha kupikia na chombo cha kuweka moto ndani havichanganywi sawa wala havichomwi sawa, na ukuta mkubwa unaopata moto upande mmoja unavutana wenyewe.

Kile kinachofanya kazi ni hiki. Nunua jiko kubwa la kauri, lile la mahoteli na mashule, kutoka kwa fundi anayetengeneza udongo wa majiko kila siku, soko la Kibuye hawakosekani. Mwambie akuwekee mlango wa hewa unaofunga hadi mwisho bila mwanya, hiyo ndo kazi ya kumlipia zaidi. Weka waya juu, ukiinuliwa kwa matofali matatu madogo, alafu funika na sufuria kubwa ya matanga, ile nzito, ikiwa imepinduliwa na imetobolewa tundu moja upana wa bomba la maji, na kipande cha bati nene cha kuzibia. Haitabana kama yai, makaa yatakula zaidi, lakini nimepika kuku humo na hakuna aliyeuliza. Kwa mtu anayejifunza, anza na hiyo miezi mitatu kabla ya kutumia pesa kubwa.

Onyo mawili hapo. Usikubali fundi akukatie mtungi wa gesi wa zamani kuwa kifuniko, gesi hubaki ndani na watu hulipuliwa wakikata. Na usitumie mabati ya paa mahali pa moto, ile rangi ya fedha ni zinki, ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu. Pipa likitumika liwe la mafuta ya kupikia, si la kemikali.

Ukiifikia, kagua hivi

Noti tumemaliza. Sasa gonga. Tumia kifundo cha kidole, gonga kifuniko, gonga tumbo, gonga kila upande. Kauri nzima inalia kama kikombe kizuri, yenye ufa inasema "dap" kama nazi mbovu. Alafu ingiza tochi ya simu ndani, funga, zunguka nje mahali penye kivuli ukitafuta mwanga unaotoroka. Mistari myembamba kama utando wa buibui juu ya rangi haina shida, hiyo ni rangi ya juu tu imepasuka. Ufa unaoshika ukucha, huo ni ufa.

Ukuta uwe na unene wa kama sentimita mbili hivi, upime pale ukingoni. Fungua kifuniko na mkono mmoja, kikae kilipoachwa. Kikianguka chenyewe kitakukata vidole siku moja au kijipasue, kwa hivyo springi ikiwa imechoka shusha bei. Ule mshipi wa chuma unaoshika kifuniko uwe umekaza, wakati mwingine mwanya unaouona ni bolti mbili tu zimelegea, na ukizikaza noti inashika. Kama muuzaji hajui hilo, usimfundishe kabla ya kulipa.

Ndani kuna bakuli la moto. Likiwa la vipande vitano sita usiogope, ni afadhali kuliko la kipande kimoja juu vipande vinatanuka bila kuvutana. Hata likiwa na ufa wa ndani bado linafanya kazi, ni kitu cha kubadilishwa. Ufa kwenye kifuniko au tumbo la nje, ondoka.

Uliza sahani ya kauri ya kuzuia moto, ile inakaa kati ya makaa na nyama. Bila hiyo hauwezi kupika polepole, na wengi wanaiuza kando kwa bei ya kukasirisha. Usilipe. Jiwe bapa la kuokea pizza linatosha, au vigae viwili vizito vya udongo uliochomwa visivyopakwa rangi. Usichukue jiwe la mtoni, lina maji ndani na linaweza kulipuka.

Thamometa ya kifuniko zingine zinadanganya tangu kiwandani. Itoe, izamishe ncha kwa maji yanayochemka. Na hapa wengi wanakosea, wanataka isome 100, lakini sisi hatuko pwani. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, maji yanachemka kwa kama digrii 96. Nakuru ni kama mita 1,850, kwao ni kama 94. Kwa hivyo thamometa ikisoma 96 Kisumu usiitupe, iko sawa kuliko wewe.

Bei, na kuileta nyumbani

Kabla ya kuulizana bei andika kwa karatasi vitu vyote: grili, stendi, waya, sahani ya kuzuia moto, kifuniko cha mvua, usafiri. Mtu anakuuzia yai kwa bei ya chini alafu stendi peke yake inakula tofauti. Stendi achana nayo, fundi wa jua kali anakuunganishia ya vyuma vya pembe na magurudumu manne kwa siku moja. Mpelekee upana wa tumbo lenyewe uliolipima kwa kamba, usimwambie "kama hivi" kwa mikono. Miguu iwe mipana kuliko tumbo, hii kitu ina kichwa kizito na ukifungua kifuniko inaegemea nyuma.

Usafiri ni tuktuk, si boda. Toa kifuniko kwanza, toa vya ndani vyote, funga kila kimoja na blanketi kikae peke yake, na tumbo likalie godoro au gunia la maranda. Kama inatoka Nairobi na basi la mizigo, fungua pale pale ofisini mbele yao kabla ya kuweka sahihi. Mimi nilitia sahihi nikiwa na haraka, nikafika nyumbani nikakuta kile kipete cha juu cha bakuli la moto kimekuwa vipande vinne, nikapiga simu, muuzaji akaniambia ilikuwa sawa ilipotoka huku. Basi wakasema ilikuwa sawa ilipofika. Kwa hivyo ilivunjika hewani.

Mahali pa kuiweka

Nje. Si gereji, si veranda iliyofungwa, si jikoni hata dirisha likiwa wazi. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na yanatoa hata yakionekana yamelala. Mbali na ukuta mita moja au zaidi, mbali na makuti na kamba za nguo. Pawe sawa, udongo wa kompaundi ukinyesha unalegea na stendi inazama upande mmoja, weka slabu mbili za zege. Usiikalishe moja kwa moja juu ya meza ya mbao, chini kunapata moto kuliko unavyofikiri.

Mvua ya Kisumu mnaijua, mchana jua kali, jioni upepo wa ziwa unakuja na maji yake. Kauri ikinywa maji alafu uwashe moto mkali, maji yanakuwa mvuke ndani ya ukuta na yanatafuta njia ya kutokea. Turubai la elfu chache linaokoa yai la maelfu mengi. Ikilowa, washa moto mdogo wa digrii kama 100 masaa mawili ikauke kwanza.

Makaa

Makaa ya miti, mapande makubwa. Chagua kwa mkono kama unachagua nyanya: pande liwe zito, ukigonganisha mawili yalie kama glasi, yasiwe na magome yaliyobaki wala kitovu cha kahawia ambacho hakikuiva. Yale ya mgunga ni mazuri sana, yanashika moto mrefu. Vumbi na vipande vidogo wapelekee wa chapati, kwa yai vinaziba matundu ya hewa.

Makaa ya kufinyangwa yanafaa kwa jiko, kwa yai mimi siyapendi sana juu mengi yanaacha majivu mengi yanayojaza chini mpaka moto unakosa pumzi. Kule Nakuru kampuni ya maji inatengeneza makaa ya kufinyangwa kutoka kwa kinyesi kilichosafishwa na kuchomwa, wakichanganya na maranda, na kabla haujakunja pua, hayanuki. Lakini jaribu kuwaelezea shemeji wa Siaya.

Ya moshi, tafuta vijiti vikavu vya mpera au mwembe, vitatu vinne saizi ya kidole gumba. Usiweke mkaratusi wala msaipras, nyama itaonja dawa ya kikohozi.

Moto wa kwanza, na nywele zangu za mkono

Jaza makaa, mapande makubwa chini ili hewa ipite. Usitumie mafuta ya taa. Hata kidogo, hata mara moja. Kauri ina vishimo, inainywa, na mwezi mzima kila kitu kitanukia kama koroboi. Chukua kipande cha gazeti, kiloweshe mafuta ya kupikia, kikunje kama fundo, zika katikati ya makaa, washa. Kifuniko wazi dakika kumi, matundu yote wazi.

Mara tatu za kwanza usipitishe digrii 180, hata kama rafiki zako wanakuomba pizza. Gasketi imeshikwa na gundi ambayo bado haijatulia, na kauri yenyewe inataka izoee.

Sasa siri ya joto: lishike likipanda, usilisubiri lipite. Unataka 120? Likifika 90 anza kufunga. Mlango wa chini uache upana wa kidole kidogo, la juu upana wa kucha, subiri dakika kumi na tano kabla ya kugusa tena. Ukilipitisha, kulishusha ni saa nzima, ule udongo ulishakula joto na hautaki kulitapika. Kwa 180 acha chini vidole viwili, juu nusu. Zako zitatofautiana kidogo, kwa hivyo chora alama na msumari pale mlango unapokaa vizuri.

Na kufungua. Moto uliobanwa ukipata hewa ghafla unaruka nje. Mimi nilifungua pwaa, nimeinama, simu mkononi napiga video, na ulimi wa moto ukatoka ukanilamba mkono mpaka kwenye kiwiko. Nywele ziliisha, harufu ikabaki, video iko. Kwa hivyo: inua kifuniko sentimita tano tu, hesabu mpaka tano, kipumue, alafu ndo ufungue chote, uso ukiwa mbali.

Pika hivi siku ya kwanza

Kuku wa broila wa kilo moja na nusu, yule wa kienyeji muache mpaka uelewe grili yako, anataka muda mrefu na maji. Mpasue mgongoni umlaze bapa, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu usiku mmoja. Grili 180, sahani ya kuzuia moto ikiwa ndani, kuku ngozi juu, funga, ondoka. Usifungue kila dakika tano kuonyesha majirani. Saa moja hivi mchome na thamometa ya nyama pale paja linapounga na mwili, isome 74. Ikifika mtoe, apumzike dakika kumi.

Ukishazoea, mbuta. Nunua minofu yenye ngozi asubuhi pale Dunga, itie chumvi masaa mawili, ipanguse ikauke mpaka iwe inanata kidogo kwa kidole, hapo ndo moshi unashika. Digrii 110, vijiti vitatu vya mpera juu ya makaa, ngozi chini, kama saa moja na nusu kulingana na unene, ndani ifike 63. Rangi inakuja ya shaba polepole kutoka pembeni kwenda katikati, na mafuta yanatoka yenyewe kama jasho. Kachumbari, ndimu, ugali wa mtama. Hapo shemeji wamerudi mara tatu.

Kuzima na kutunza

Ukimaliza funga chini, funga juu, nenda ulale. Usimwage maji ndani, hata tone, kauri moto na maji baridi ni kwaheri. Asubuhi tikisa makaa yaliyobaki, majivu yateremke, yatoe kwa mlango wa chini, juu yake ongeza mapya. Usisugue ndani na sabuni, ina vishimo tuliongea. Waya usugue na brashi ukiwa bado na joto, alafu uupanguse na kitunguu kilichokatwa na mafuta kidogo. Kila baada ya miezi miwili kaza zile bolti za mshipi, na rudia noti. Gasketi ikianza kuachia, banua ya zamani na kisu, safisha gundi, weka nyingine ya kustahimili joto, iache siku nzima kifuniko kikiwa kimefungwa bila moto.

Jumapili iliyopita nilijaza magorogoro matatu ya makaa nikapika kuku wawili na mbuta. Jumatatu nikapima yaliyobaki, gorogoro moja na nusu, mama watoto akayabeba akachemshia maharagwe.